Sahani ya Mtoto Katika Njia ya Masako

Mtu atokaye Kisangani kwenda upande wa kaskazini hana budi kuvuka mto Tshopo. Daraja lipo karibu na maporomoko, jirani na mtambo wa umeme uliofunguliwa mwaka 1955, zamani mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville. Ukiisha kuvuka, nyumba za mji zapungua kidogo kidogo, udongo mwekundu waanza, na mbele yako ipo Njia ya Zamani ya Buta. Buta penyewe ni mbali, zaidi ya kilomita 300. Lakini safari yetu si ya mbali hivyo. Kwenye kilomita 14 hivi twafika Masako, katika eneo la Lubuya-Bera, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Wanafunzi wengi wa Kisangani walijua jina la Masako kwa sababu ya msitu wake. Serikali iliutenga mwaka 1953 uwe hifadhi, na ukubwa wake waandikwa kuwa hektari 2,105. Mto Tshopo umejikunja pale kunjo kubwa kama nyoka aliyelala, na msitu umo ndani ya kunjo hilo. Walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani huenda huko kuchunguza miti, ndege, samaki, hata panya wa kila namna. Sehemu nyingine bado zina miti mikubwa ya limbali, mirefu, iliyosongamana hata jua lisifike chini. Sehemu nyingine zimekwisha kuwa vichaka, maana watu walilima humo muhogo, ndizi, mpunga na mahindi, kisha wakaziacha zipumzike, kisha wakarudi mapema mno.

Lakini msomaji asidhani kwamba nataka kumweleza habari za miti tu. Nilikwenda Masako nikiwa na swali la jikoni. Nilitaka kujua mtoto anayekula njiani, katika vibanda vile vya chakula watu wa huko wanavyoviita malewa, hupewa nini katika sahani yake, na chakula hicho chamjengaje.

Tutazame kwanza vitu vinavyopita njiani. Tangu alfajiri baiskeli zashuka kwenda mjini. Hizi si zile toleka zilizokuwa zikibeba abiria mjini Kisangani kabla pikipiki hazijazishinda. Hizi ni baiskeli za mizigo, na mwenyewe huzisukuma kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja kwenye fimbo iliyofungwa nyuma. Juu yake yapo magunia ya makaa, mikungu ya ndizi, mafungu makubwa ya majani ya muhogo yanayoitwa sombe au pondu, mihogo iliyolowekwa, madumu ya mafuta ya mawese. Kwa majira yake wapo na mbinzo, yaani viwavi wa kuliwa, na uyoga, na majani ya fumbwa yaliyochumwa msituni. Jioni baiskeli hizo hizo zarudi. Safari hii hazina uzito. Zimebeba sabuni, chumvi, betri, biskuti, sukari, vidonge vya kukolezea mchuzi, na soda za rangi.

Nilisimama kitambo nikihesabu katika moyo wangu. Msitu wapeleka mjini vyakula vya kujenga mwili, na mji waurudishia msitu vitu vitamu. Hesabu hii si ya haki kamili, kwa kuwa sabuni nayo huokoa watoto wengi, na chumvi yenye madini ya joto huzuia tezi za shingoni. Hata hivyo biskuti ilikuwa mkononi mwa mtoto, na mbinzo walikuwa wanakwenda zao.

Sasa tuingie katika kibanda. Hakina ukuta ila fito na turubai, au mabati machache. Ndani mna benchi mbili, meza ndefu, na nyuma yake masufuria matatu au manne juu ya makaa. Mama mwenye kibanda amefunga kitenge, na mwiko haumtoki mkononi. Chakula chake ni kizuri, nasema kweli, wala asije mtu wa mjini akakidharau. Kuna lituma, nayo ni ndizi zilizopikwa zikapondwa pamoja na muhogo, chakula cha sifa katika Kisangani yote. Kuna bugali wa muhogo, kuna kwanga iliyofungwa katika majani, kuna wali. Mpunga ulikuja nchi hii pamoja na Waarabu na Waswahili wa biashara, watu wa akina Tippu Tip, yule aliyefanywa mwaka 1887 kuwa liwali wa maporomoko ya Stanley. Ndio hao waliotuachia na lugha hii ninayoiandika. Kitoweo ni sombe iliyotwangwa na kupikwa kwa mawese, maharagi, samaki mbichi wa mtoni aliyeokwa katika majani, makayabu ya chumvi, au nyama ya mwituni siku ilipopatikana.

Ni nani wanaokula hapo? Wasukuma baiskeli, wapasua mbao, waalimu wachache, akina mama waendao sokoni. Na watoto. Yupo mtoto wa mgongoni, anayelishwa kwa kidole na mama yake aliyesimama kupumzika. Yupo mwanafunzi aliyetoka nyumbani bila kula, akapewa noti ndogo anunue mikate ya kukaangwa njiani. Kisha yupo mtoto wa mwenye kibanda mwenyewe, na huyu ndiye aliyenihuzunisha zaidi, maana amezaliwa kando ya sufuria lakini hula mwisho wa wote, ukoko na mabaki, wateja wakiisha kuondoka.

Nilimwuliza mama mmoja, “Mama, watoto hula nini hapa?”

Akajibu, “Baba, hula tunachokula sisi.”

“Na samaki?”

“Samaki ni wa mwenye pesa. Mtoto huchovya mchuzi.”

Alisema bila ubaya, nao ndio desturi. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi, si za Kongo tu. Baba hupewa kichwa na kiwiliwili cha samaki, mama mkia, na mtoto huchovya. Tena wazazi husadiki kwa moyo safi kwamba mtoto amekula samaki, kwa kuwa mchuzi wanukia samaki. Lakini harufu haijengi mfupa. Kitu kinachojenga mwili, ambacho wataalamu wanakiita protini, hukaa ndani ya nyama ya samaki. Kinachotoka na kuingia katika mchuzi ni kidogo sana. Mchuzi humpa mtoto ladha na mafuta, na chumvi nyingi. Kidonge cha kukolezea nacho, ambacho matangazo yake yana picha ya kuku mzuri, karibu nusu yake au zaidi ni chumvi. Shirika la Afya Ulimwenguni lataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, na mtoto apunguziwe kwa kadiri ya udogo wake.

Tufanye hesabu ambayo kila mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuifuata. Mtoto wa miaka miwili au mitatu ahitaji protini gramu 13 hivi kila siku. Muhogo mbichi wa gramu 100 una gramu moja na kidogo tu. Basi ili apate haja yake kwa muhogo peke yake, ingempasa kula kilo nzima, kila siku, bila kuacha. Je, tumbo lake lachukua kiasi gani? Wataalamu wapima tumbo la mtoto mdogo kwa mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 9 ana nafasi ya mililita 270, yaani kikombe kimoja. Ukimjaza kikombe hicho kwa bugali, atashiba, atalala, hatalia. Jirani watasema amelishwa vema. Kumbe tumbo limejaa, mwili una njaa.

Watu wa zamani waliujua ugonjwa huo kabla ya madaktari kuupa jina katika vitabu. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaica na kufanya kazi katika Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na uso, nywele zao zikawa nyekundu na kunyonyoka, ngozi ikachubuka. Mwaka 1935 akaandika tena, safari hii akitumia jina lililotumiwa na akina mama wa Kiga wa huko: kwashiorkor. Ndio ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Jina lenyewe ni fundisho. Mtoto ameachishwa ziwa kwa sababu ya mdogo wake, akawekwa mbele ya sahani ya wanga mtupu. Katika Kivu watu huuita bwaki, na kule Lwiro, palipowekwa kituo cha uchunguzi wa elimu baada ya mwaka 1947, madaktari walitumia miaka mingi kuuchunguza na kuuponya.

Siku hizi watoto wa kuvimba si wengi kama wale waliodumaa kimyakimya. Mtoto aliyedumaa hana alama ya kutisha. Ni mfupi kuliko umri wake, basi. Husemwa, “Amefuata ukoo wa babu yake.” Lakini uchunguzi wa nchi nzima wa Kongo wa miaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wamedumaa. Haiwezekani babu wote wawe wafupi hivyo. Na tena, hasara ya kudumaa si urefu tu: akili nayo hujengwa katika miaka ile ya kwanza, na mwalimu akutanaye na mtoto huyo darasani baadaye hupokea kazi iliyokwisha kuharibiwa jikoni.

Nikitazama masufuria ya kibanda kile cha njiani, niliona jambo la ajabu. Dawa yote ilikuwemo humo humo. Majani ya muhogo, yanayohesabiwa kuwa chakula cha maskini, yana protini gramu 7 hivi katika gramu 100, mara tano kuliko mzizi wake, pamoja na madini ya chuma. Maharagi makavu yapita gramu 20. Karanga yapata 25, na nusu ya uzito wake ni mafuta. Yapasa tu zichaguliwe, zile zilizoota ukungu zitupwe, kwa kuwa ukungu huo una sumu inayodhuru ini. Mbinzo waliokaushwa wana zaidi ya nusu ya uzito wao protini. Wapo wageni wanaokunja uso wakiwaona, lakini katika hesabu ya chakula kiwavi huyo hasimami nyuma ya nyama ya ng'ombe.

Na mafuta ya mawese! Hapa nataka kukaa kidogo, maana ni mali ya nchi tunayoiharibu kwa mikono yetu. Wekundu wake si rangi ya bure. Ndani yake mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, kinachoyalinda macho ya mtoto na kumsaidia kushinda surua na kuhara. Mtoto anayepewa kijiko cha mawese mekundu katika chakula chake apata pia nguvu, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina nguvu mara mbili na zaidi kuliko gramu moja ya wanga. Na kwa tumbo la kikombe kimoja hilo ni jambo kubwa. Lakini wapishi wengine huyaweka mafuta motoni kwanza mpaka yatoe moshi na kuwa meupe, ati ndipo yawe safi ya kukaangia. Wekundu ukiisha kutoka, na faida ile ya macho imetoka. Yaliyobaki ni mafuta tu. Mama akitaka kukaanga mikate, hayo ni mambo yake. Lakini yale ya kutia katika sombe ya mtoto na yabaki mekundu, yatiwe mwishoni, yasichomwe.

Kuhusu sombe kuna jambo la pili. Muhogo una sumu, hasa ule mchungu. Wazee walijua kuutoa: mizizi hulowekwa siku tatu au zaidi katika maji, kisha huanikwa, majani hutwangwa sana na kuchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Mtu mwenye haraka akifupisha siku za kuloweka, asidhani anaokoa muda. Katika nchi ya Kwango, upande wa kusini magharibi wa Kongo, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 habari za watu waliopooza miguu ghafula, akina mama na watoto zaidi. Wayaka huuita ugonjwa huo konzo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba huwapata wale wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila protini ya kuisaidia miili yao kuishinda sumu. Kwa hiyo kipande cha samaki kina kazi mbili katika sahani ile.

Wako watakaosema kwamba nawaonea akina mama wa malewa, na kwamba watoto wa matajiri wala vizuri zaidi katika hoteli zenye vitambaa mezani. Sivyo hata kidogo. Katika hoteli kubwa za Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam, kama zile za Ulaya na Marekani, mara nyingi utaona karatasi ya chakula cha watoto, na ndani yake mna nini? Viazi vya kukaangwa, soseji au kuku aliyevikwa unga, mchuzi mtamu wa nyanya, na soda. Baba hupata samaki na mboga. Mtoto hupewa chumvi, mafuta na sukari, pamoja na karatasi ya kuchora ili anyamaze. Jambo hili limewasumbua hata wenye nchi tajiri. Katika mwaka 2010 mji wa San Francisco ulikataza kumpa mtoto kitu cha kuchezea pamoja na chakula cha hoteli, isipokuwa chakula chenyewe kimetimiza masharti ya afya. Na tangu Januari 2019 sheria ya jimbo la California yaagiza kwamba chakula cha watoto katika hoteli kiandaliwe na maji au maziwa. Mzazi atakaye soda hakatazwi. Yampasa tu aiombe kwa kinywa chake. Nimeipenda hekima ya sheria hiyo. Haimpigi mtu, yamwuliza tu swali.

Kwa hiyo mtoto wa Masako na mtoto wa California wana shida iliyo ndugu. Mmoja apewa kidogo cha kujenga, mwingine apewa kingi cha kubomoa, na wote wawili hawakuulizwa. Ila mtoto wa Masako ana bahati moja: chakula kinachomfaa hakitoki kiwandani, chatoka hatua mia tano nyuma ya kibanda.

Chatoka bado, yafaa niseme. Maana yale magunia ya makaa niliyoyataja hayakuanguka kutoka mbinguni. Mji wa Kisangani wapika kwa makaa, na makaa ni miti ya njia hizi zote, ya Buta, ya Bafwasende, ya Lubutu. Mbinzo hawaishi hewani. Kila namna ya kiwavi ina mti wake. Kiwavi mmoja anayependwa sana hukaa juu ya mti uitwao sapelli, ambao pia wapendwa na wapasua mbao kwa sababu ubao wake ni mwekundu na hung'aa. Mti huo ukiangushwa, mwenyewe apata fedha mara moja, na watoto wa kijiji wakosa mbinzo miaka yote inayofuata. Nilimsikia mzee mmoja akisema kwamba zamani katika majira ya mbinzo waliokota karibu na nyumba, na sasa huondoka asubuhi na kurudi jioni. Nami sikushangaa, nikikumbuka yale magunia.

Wanyama nao wamepungua. Nyama inayoletwa malewa siku hizi mara nyingi ni panya mkubwa au nungu, na hao si haba, mradi wapikwe mpaka ndani kabisa, na asiachiwe mtoto kumchezea mnyama aliyeokotwa amekufa.

Palikuwa na wakati nchi hii ilitafuta njia nyingine. Baada ya vita vya pili vya dunia watu walifundishwa kuchimba mabwawa na kufuga samaki aina ya tilapia, na kufikia mwaka 1959 yalihesabiwa mabwawa zaidi ya 100,000 katika Kongo nzima. Kisha yakaja machafuko ya miaka ya 1960. Watu walikimbilia msituni, kingo zikabomoka, majani yakajaa. Mabonde na vijito vya kando ya njia hii vyafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu maji hayakauki katika nchi inyeshewayo na mvua karibu kila mwezi. Bwawa dogo nyuma ya nyumba, likilishwa majani ya muhogo na pumba, halimtajirishi mtu. Lakini samaki wake ni wadogo, na mdogo ndiye samaki wa mtoto, kwa sababu hakuna mteja wa kumgombania.

Narudi kwenye benchi. Wako wasomaji wanaoishi njiani na kuuza chakula, nao wataniuliza: tufanye nini, nasi tunatafuta riziki? Nasema, si lazima kupika sufuria ya pili. Mtoto aliyepita miezi sita, ambaye bado ananyonya, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Kutoka sufuria ile ile atolewe lituma laini kijiko viwili au vitatu, juu yake maharagi yaliyopondwa au samaki aliyetolewa miiba na kusagwa kwa kijiko, na mawese mekundu kidogo, kabla mama hajatia pilipili na kidonge cha kukoleza. Kiwe kidogo, lakini kirudiwe mara tatu au nne kwa siku, kwa sababu ya kile kikombe tulichokisema. Kisha tunda: papai, embe, au ndizi mbivu, vinavyooza chini ya miti huku watu wakinunua biskuti. Kinywaji kiwe maji yaliyochemshwa. Chai huzuia madini ya chuma ya sombe yasiingie mwilini, kwa hiyo isipewe mtoto pamoja na chakula.

Mwanafunzi mwenye noti yake ndogo pia aweza kufundishwa kununua. Mikate ya kukaangwa peke yake ni unga, sukari na mafuta. Humtia nguvu mpaka saa nne, kisha asinzia juu ya daftari. Mikate hiyo hiyo pamoja na kijiko kikubwa cha maharagi, jinsi inavyouzwa mahali pengi, ni chakula cha kazi. Noti yake ikiwa haitoshi vyote viwili, na apunguze mikate, asipunguze maharagi. Na yai likipatikana, na apewe. Ipo imani kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Nimesikia hayo Kongo, nikayasikia pia katika nchi jirani. Nadhani imani hiyo ilitungwa na mtu mzima aliyependa mayai.

Mikono ioshwe. Kwa hilo sitaki kusema mengi, maana kila mtu alijua. Ila bakuli moja la maji kwa watu ishirini si kuosha, ni kugawana uchafu. Debe lenye bomba chini, au chupa iliyotobolewa, ni bora.

Nilimweleza yule mama wa kibanda haya yote, si kwa urefu huu. Alisikiliza akigeuza ndizi zake. Alisema sahani ndogo anazo, zile za vikombe vya chai, na kijiko cha mawese hakimfilisi. Bali samaki wa kusaga hawezi kumtoa bure, kwa sababu yeye humnunua kwa wavuvi kwa fedha taslimu. Akitoa robo ya samaki kwa sahani ndogo, atataka robo ya bei kwa mzazi, na wazazi wamezoea kwamba mtoto halipiwi, huchovya tu. Hapo nikakosa la kujibu, maana alisema haki. Msukuma baiskeli mmoja aliyekuwa akila pembeni, mtu wa makamo, magunia yake yameegemezwa nje, akauliza robo hiyo ni bei gani. Mama akaitaja. Yule bwana akasema ni ghali. Mama akapunguza kidogo. Wakaendelea kupatana hivyo, na mtoto wa mwenye kibanda amesimama kati yao akimtazama samaki.